Jinsi Mburu wa Migosi Alivyouzima Mtambo Wake

Tegeni masikio, enyi wakazi wa Migosi na Manyatta, enyi wavuvi wa Port Victoria mliokwisha kuanika nyavu, nanyi wasomi wa Maseno mnaojidai kwamba hakuna lililowapita. Wekeni chini vikombe vyenu vya chai, kwani habari inayowajia si ya vita vya mataifa wala kuanguka kwa falme, bali ni kubwa kuliko hizo zote kwa kipimo cha mwenyewe aliyeitenda. Ni habari ya Ignatius Mburu, muuza magodoro wa soko la Kibuye, jemadari mwenye kitambi, ambaye alasiri moja ya Jumapili aliuzima mtambo wake wa redio kwa utaratibu unaotakiwa. Naam, aliuzima. Wapo waliozikwa bila kushuhudia tendo hilo, na hawakupungukiwa na kitu.

Mtambo wenyewe ulikuwa amplifaya, sanduku la chuma jeusi lenye uzito wa mbuzi aliyeshiba, na kazi yake ilikuwa kuitwaa sauti ya Mburu, ambayo mkewe aliiona inatosha kabisa ilivyo, na kuitia nguvu ivuke milima na bahari. Ndani yake ziliwaka taa mbili za kioo, kali kama makaa, na feni ikizipulizia bila kupumzika. Sheria yake ilikuwa moja: usiuzime ghafla. Unyamaze kwanza, uupumzishe, uiache feni ipulize mpaka vioo vipoe. Ndipo ubonyeze swichi, uchomoe waya wa ukutani, kisha ule wa antena.

Jozi ya kwanza ya taa hizo ilikufa msimu wa mvua uliopita, kwa mkono wa Mama Awuor, mwenye ploti, Mlinzi wa Swichi Kuu. Tangu radi ilipomuunguzia friji, bibi huyu alikuwa na desturi isiyopindika: ngurumo moja, swichi chini, ploti nzima bila umeme, hata kama kinyozi wa chumba cha mbele amefika nusu ya kichwa cha mteja. Siku ile feni ilikatika pumzi katikati ya kazi, na vioo vikapasuka. Jozi ya pili, iliyokuwa ya mwisho, ililetwa kutoka ng'ambo ndani ya soksi za shemeji yake, nayo ilipokewa na Magdalene, mkewe, kwa tamko lifuatalo:

"Hizi zikiungua, hicho chuma kinaenda kwa mtu wa skrepa, na hapo kwa meza naweka oveni yangu ya keki. Nimesema."

Mburu alijua kwamba mke wake hatishi bure. Baiskeli yake ya mazoezi ilikwenda njia hiyo hiyo. Na kuupoteza mtambo halikuwa jambo dogo, kwa maana sokoni alikuwa Baba Shiku wa magodoro, mtu wa kuombwa apunguze bei. Lakini hewani aliitwa kwa herufi na nambari za kituo chake cha redio, kwa heshima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama sponji ni ngumu.

Basi Jumapili hiyo, akiwa bado na shati jeupe la kanisani, shujaa aliketi mbele ya chuma chake, akaviwasha vioo vyote viwili, akaikusanya nguvu ambayo ingeweza kuifikia Australia, akaita ulimwengu. Ulimwengu ulijibu kutoka Muhoroni, mwendo mfupi tu wa gari. Aliyejibu alikuwa Waswa, karani wa mizani ya miwa, ambaye namba yake ya simu Mburu alikuwa nayo.

"Sauti yako inaingia ni kama uko jikoni kwangu," alisema Waswa. "Lakini bwana, huku mvua imetuangukia vibaya sana. Matrekta ya miwa yote yamekwama. Na inateremka huko kwenu."

Papo hapo ngurumo ikatoka upande wa milima ya Nandi. Akamuaga Waswa, akanyamaza, akaupumzisha mtambo kama ipasavyo. Feni ikaendelea kupuliza hewa yenye joto. Kisha akachungulia dirishani. Kule uani, katikati ya magunia aliyoanikia omena, wale dagaa wa ziwani, Mama Awuor alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda chake, akielekea kwenye sanduku la umeme bila haraka, kama jeshi linalojua kwamba adui hana silaha.

Mburu akalishika dirisha kwa mikono miwili, akanguruma:

"Simama, ewe Mama Awuor, mama wa ploti na mlezi wa wapangaji! Usiunyoshe mkono huo! Humu ndani mna vioo viwili vinavyohema kwa joto. Viachie upepo wao kitambo kidogo, nami nitauzima mtambo kwa mkono wangu mwenyewe, na jina lako nitalitangaza hewani kwa mataifa yote!"

"Yawa, Baba Shiku," alijibu Mlinzi wa Swichi Kuu, mkono tayari uko juu ya sanduku, "mataifa itanisaidia na nini? Friji yangu iliungua ukiwa hapo hapo kwa dirisha ukiangalia. Unataka ningoje? Kuja utoe hii omena. Mvua ikigusa hata moja, naweka swichi chini."

Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti ya amani. Jemadari akashuka ngazi mbio, kitambi kikitangulia, akapiga magoti kati ya magunia na kuanza kuzikusanya omena kwa viganja vyake viwili, akizijaza kwenye mabeseni. Magamba yalimganda kwenye mikono ya shati. Harufu ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa kiganja chenye magamba, jambo ambalo hata askari wa siku ya kwanza asingelifanya. Magdalene alitoka akaegemea ukingo wa veranda ya juu, futi ya kupimia meza ya oveni mkononi, akamtazama mume wake bila kumhurumia.

"Umeacha za kwa pembe," alisema.

Akazifuata za pembeni. Ngurumo ya pili ilipasuka karibu zaidi, wingu likafunika paa la kanisa, na vidole vya Mama Awuor vikakishika kishikio cha swichi. Mburu akalisukuma beseni la mwisho chini ya kibaraza, akapanda ngazi huku akihema, akaweka kiganja juu ya matundu ya mtambo. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi. Wakati huo ndipo alipobonyeza swichi. Mshale wa kipimo ukateremka taratibu, ukalala kwenye sifuri. Akachomoa waya wa ukutani, kisha akaung'oa ule wa antena na kuutupa nje ya dirisha, akatoka verandani na mikono juu.

"Nimezima!" alipiga kelele, na ploti nzima ikamsikia. "Shuhudieni, majirani! Mimi, Ignatius Mburu, nimezima!"

Mama Awuor akashusha swichi. Redio ya kinyozi ikanyamaza.

"Hata mimi nimezima," alisema, "na sijapiga kelele."

Tone la kwanza likaanguka kwenye gunia tupu. Na iandikwe, basi, mahali ambapo watu huandika mambo makuu, kwamba siku hiyo Kisumu haikutekwa, ziwa halikuvuka ukingo, na Mburu aliketi gizani kando ya chuma chake kizima, akinuka samaki, akiwa na furaha ya wale waliowahi kurejea na taji. Magdalene alikuja akakigusa chuma kwa mgongo wa mkono, kama anavyopima homa ya mtoto.

"Haijaungua," alisema.

Akaikunja ile futi, akaitia mfukoni mwa aproni yake, wala hakuirudisha kabatini.