Machungwa Mawili Mbele ya Mzee wa Reli

Leo nimeaibika, jamani! Naandika kwenye kompyuta ya idara yetu chuoni nikiwa nimevaa suruali ya mtu mwingine.

Nilienda Makongeni kujitambulisha kwa babake Nekesa, msichana ninayetaka kuoa. Mzee amefanya kazi ya reli miaka thelathini, akionyesha treni bendera na taa. Wajibu wake ulikuwa mmoja: treni mbili zisikutane.

"Na wewe Mutua, huko chuo unasoma nini?"

"Fizikia, mzee. Tunatafuta chembe mpya, nzito."

"Zilipotea?"

"Hapana. Hatujui hata kama ziko." (Hapo ningepaswa kunyamaza.)

Nikaendelea. Ulaya kuna handaki la mviringo chini ya ardhi. Ukilinyoosha kutoka Makongeni linapita Ruiru, kilomita ishirini na saba. Ndani yake vitu vidogo kuliko atomu vinazungushwa karibu na kasi ya mwanga, halafu vinagonganishwa.

Mzee akaweka kikombe chini. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Usiku na mchana."

"Na hakuna mtu anafutwa kazi!"

Nikamwambia uzuri wenyewe: mwendo ule unageuka kuwa uzito. Vyepesi viwili vinagongana, kinatoka kitu kizito kuliko vyote viwili, kinavunjika kabla hujapepesa jicho. Sisi tunafuata nyayo zake tu. Mzee akasogeza kiti karibu. Mimi mwenyewe nilisisimka mwili. Mambo haya nimeyasoma miaka minne, lakini sikuwahi kuyaona makubwa hivyo.

"Mungu ni fundi," akasema taratibu. "Hebu nionyeshe."

Nikachukua machungwa mawili, nikayaviringisha yakutane katikati ya meza.

Miaka thelathini ya reli ikaamka! Mzee aliruka, mikono juu, "Simama! Simama!" Kiwiko kikapiga birika. Chai yote mapajani mwangu.

Ndugu zangu, chai ya maziwa ikiwa moto haina adabu. Suruali niliivua kabla sijafikiri. Pazia la jikoni likafunguka, akatokea mama Nekesa na sahani ya kuku. Kwa mila za kwao magharibi, mama mkwe na mkwe hawapeani hata mkono. (Mimi nilibaki na soksi, na chupi yenye tundu.)

Kuku akaanguka. Mama akakimbilia kwa jirani, leso usoni. Mzee akanipa suruali yake ya kazi, akanisindikiza hadi mlangoni. Nikajua ndoa imekwisha.

"Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi," akasema. "Hiyo ya mama ni kesi, utaleta kondoo wa faini. Lakini wewe kuja mapema, kabla yao."

"Niombe msamaha?"

"Hapana. Hujaniambia kwa nini chembe moja ni nzito na ingine nyepesi."

Msicheke. Hata huko handakini swali hilo bado hawajalijibu, na mimi nimepewa hadi Jumamosi.