Kiti cha Baba Huko Bari

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika Bari. Treni kutoka Torino, saa nane za kukaa, kiuno hakina hali. Lakini ari juu! Baba hajakanyaga hapa miaka thelathini na minne, tangu alipomwambia dada yake, shangazi Addolorata, mbele ya wageni, kwamba tiella yake ya wali, viazi na kome bila mamumunye ni chakula cha jela. Shangazi akamwambia akale huko kaskazini. Akaenda kweli. Hakuna aliyempigia mwenzake simu tangu siku ile. Baba sasa ana miaka themanini na moja, anasema hajali. Ila jana aliniuliza mara tatu kama kiti chake cha dirishani bado kipo mezani. Nimeapa: Jumapili nakula kwa shangazi, na mwezi wa nane Baba anakikalia kiti chake.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemkuta shangazi mlangoni, uchochoroni, anakandamiza tambi kwa kidole gumba. Nikajitambulisha: Oronzo, mtoto wa kaka yake Gaetano. Hakuinua kichwa. Akauliza kama yule mbishi bado anapumua. Mpango wangu ulikuwa kusifia tambi tu. Maneno yakaniponyoka: Baba anaomba radhi, siku hizi hagusi mumunye! Kidole kikasimama. Akajipangusa macho kwa aproni, akasema ni unga. Jumapili nije. Ushindi! Binamu Sabino, mwanawe, ndiye anayekalia kile kiti. Amecheka. Akauliza huyo aliyeomba radhi ni mjomba yupi, maana anayemjua yeye hawezi kuomba hata njia. Kijicho tu.

Jumamosi, 8 Juni
Ili kusawazisha mambo nimempigia Baba: shangazi anaomba radhi, amekubali mamumunye. Akauliza kama dada yake bado anaimba akikanda unga. Nikasema anaimba. (Sijui.)
Ili kumpiku Sabino nimepeleka kilo tatu za kome, nikajitolea kuwafungua. Kisu kikanishinda kwa kome wa nne. Nikawachemsha. Wakafunguka wote wenyewe. Akili hiyo! Shangazi akapiga ukelele, majirani wakajaa. Kumbe kome wa tiella hufunguliwa wabichi, maji yao ndiyo yanayoivisha wali. Bibi wa ghorofa ya juu akauliza: "Huyu kweli wa Gaetano, au mmemwokota stesheni?" Sabino akaenda kununua wengine huku akipiga mluzi.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Kabla ya kupakua, shangazi akampigia Baba, simu katikati ya meza, sote tunasikia. Akamwambia haya, rudia ile radhi yako. Baba akasema yako kwanza. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu havina kamba. Wakafokeana, kisha wakauliza kwa sauti moja: "Oronzo yuko wapi?" Wamenitukana kwa zamu, mmoja akikwama mwenzake anammalizia. Jambo la kwanza kukubaliana tangu siku ile ya mamumunye! Baadaye sauti zikashuka. Baba akamwomba aimbe kidogo. Akaimba. Nimelia waziwazi, Sabino na aone. Chakula kikapoa, hakuna aliyelalamika. Baba anakuja mwezi wa nane!
Nikaelekea kiti cha dirishani. Sabino alikuwa amekwisha kukifuta vumbi na kukiegemeza ukutani. Si chako, akasema shangazi, ni cha kaka yangu, wewe mwongo chukua stuli. Nimekula kwenye stuli kando ya sinki. Tamu ajabu, hata bila mamumunye.

Jumatatu, 10 Juni
Treni. Nimepakata kipande cha tiella, cha Baba. Shangazi ameniapisha kwa marehemu wote wa ukoo: hakuna uongo tena. Nimeelewa kabisa. Nimebadilika!
Bologna tumesimama dakika kumi na mbili. Kibanda cha stesheni kinauza mikate yenye mamumunye ya kuchoma. Nimenunua mmoja, nimechomoa vipande sita, nimevipanga taratibu chini ya wali. Si uongo, sijatamka neno. Baba atajua dada yake amelegeza msimamo, atampigia simu kumshukuru. Watafurahi mno!