Ndoo ya Mgombea

Asali alipomwona mama fundi cherehani akijibandikia mwenyewe picha ukutani, kuomba udiwani, alisimama kama mtu aliyeokota pochi. Mgombea hana gari, hana spika, hana hata wa kumshikia ngazi, lakini mtaa mzima unampenda. Penzi la bure namna hiyo, aliwaza Asali, linahitaji mtu wa kulikusanyia ada.

Tumtendee haki: Asali hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Watu walimfungulia wenyewe, wakamkaribisha na chai. Akanunua ndoo nyeupe yenye mfuniko, akaitoboa tundu juu, na kesho yake akaingia nayo sokoni, akijiita mweka hazina wa kampeni.

"Mkubwa akitoa milioni, kamnunua mgombea," alimwambia muuza samaki. "Wewe ukitoa mia, umemwajiri. Nani hapa hajawahi kutamani kuwa bosi?"

Muuza samaki akacheka, akajifuta magamba mikononi, akatumbukiza sarafu. Kinyozi akafuata, halafu mchomelea vyuma, halafu bibi muuza mkaa, ambaye kwanza aliifungua kanga fundo baada ya fundo. Kufikia adhuhuri ndoo ilikuwa inamvuta Asali bega.

Alipanga kutoweka kabla wiki haijaisha. Tatizo, maneno yake yaliwaingia watu kuliko alivyokusudia. Kinyozi alimsimamisha, wembe mkononi, akataka kujua mia yake imefanya nini jana. Bibi wa mkaa alidai bango kwenye kibanda chake, maana kalipia. Tajiri ukimtapeli hunyamaza kwa aibu. Aliyetoa sarafu moja haoni aibu yoyote, anakuuliza kila akikuona. Ili wasimshtukie, Asali akachota kidogo, akachapisha mabango. Watu kuyaona tu, ndoo ikajaa tena. Akakodi spika, ikafurika. Alijiambia huo ni mtaji tu, ila usiku alikuwa analala hoi kama mtu mwenye kazi ya halali, jambo lililomsumbua sana.

Ndipo mkandarasi, mpinzani wa mama fundi, alipomwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi na kumsukumia bahasha nene. Alimtaka apotee na michango yote, ili mtaa ujue kwamba kampeni za chenji huishia mikononi mwa wezi. Asali alikaribia kulia kwa furaha. Kulipwa uibe ulichokwisha panga kuiba ni heshima isiyompata kila mtu.

Asubuhi alikuwa kituo cha mabasi, fedha zote begini. Mkata tiketi akamtambua, kwani naye alitoa mia.

"Bosi wako nakuuliza," alisema kwa upole. "Fedha yangu inasafiri kwenda wapi?"

Wapiga debe wakasogea. Nao walikuwa mabosi. Mchukuzi mmoja, akitaka kumsaidia mzigo, akalivuta begi. Zipu ikaachia, bahasha ikaanguka, na juu yake jina la kampuni ya mkandarasi limeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mdomo wa Asali haukuwahi kumwangusha, na siku ile haukumwangusha. Alieleza kwamba anakwenda kununua fulana kwa bei ya jumla, na kwamba mkandarasi mwenyewe kaguswa, kamchangia mpinzani wake. Kituo kizima kilipiga makofi. Wakaghairi safari yake kwa niaba yake, wakamsindikiza kwa nyimbo hadi kwa mama fundi, wakaimwaga fedha yote mezani kati ya vitambaa. Mkandarasi alipopata habari hakuweza kukanusha, maana angelazimika kusema bahasha ilikuwa ya nini.

Mama fundi alishinda. Siku ya pili alimwita Asali chumbani pa kushonea.

"Mwanangu, muuza samaki ni wifi yangu," alisema, akikata uzi kwa meno. "Alikuja kuniuliza siku ile ile. Nikaona sina uwezo wa kumlipa mkusanyaji hodari kama wewe. Basi nikawaomba majirani kitu kimoja tu: kila anayetoa, akuulize kila siku."



Mama fundi akamkabidhi suruali mpya, ujira wake. Akaivaa pale pale nyuma ya pazia, ikamkaa kama kazaliwa nayo. Alipotaka kutia mikono mifukoni atoke kwa maringo, mikono ikateleza mapajani. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma. Mama fundi alikuwa keshageukia nguo nyingine, cherehani inanguruma, wala hakuinua uso.