Mashine ya Kukausha Kahororo

Jumatatu, 5 Mei
Edvina kaondoka asubuhi. Kamchukua Joviana, kaenda Kishanda kwa mama yake. Mtoto anakohoa wiki ya tatu sasa. Kilichomaliza mazungumzo ni koti langu la harusi: limetolewa kabatini limeota kuvu ya kijani, ndefu, laini, kama manyoya. Nilisema inapendeza. Sikupaswa kusema hivyo.

Mlangoni Edvina aligeuka. "Baba Joviana, mwite Shaban aangalie mfereji wa paa. Ukuta ukikauka, nipigie."

Shaban! Fundi mwenye ngazi! Mimi ni mwalimu wa jiografia. Unyevu nimeufundisha miaka kumi na moja. Hewa ya ziwa ndiyo inayotuua humu ndani, na dawa yake ni mashine ya kukausha hewa. Kesho naenda mjini.

Nyumba hii ya Kahororo kimya mno. Nimekaa kwenye kila kiti.

Jumanne, 6 Mei
Dukani kwa Ashura. Anazo mbili. Moja ndogo, kimo cha chupa ya chai. Nyingine kubwa, ina kompresa kama friji na magurudumu chini. Akaniuliza chumba kina ukubwa gani. Nikasema wa kawaida. Akauliza kama maji yanaingia kutoka nje, maana kama yanaingia, hakuna mashine itakayoyamaliza. Nikacheka kicheko cha mtu mwenye shahada.

Nani kasimama nyuma yangu ananunua balbu? Riyadhi! Jirani wa chini, mwalimu wa kemia shuleni kwetu, mtu anayejibu hata swali ambalo halijaulizwa. Akasema kwa chumba cha kulala angechukua kubwa.

Nikachukua ndogo.

Jumatano, 7 Mei
Mashine imefanya kazi tangu jana. Maji iliyoyavuta: nusu kikombe cha kahawa. Kikombe kidogo.

Edvina kapiga. Nikasema inavuta vizuri sana. Akaomba picha. Hapo nikasita. Kisha nikafungua bomba la jikoni nikajaza tangi la mashine mpaka juu. Picha imetoka safi, hata mwanga umekaa vizuri. Edvina kafurahi kweli. Joviana kapewa simu, kasema, "Baba, maji mengi!" halafu akakohoa.

Nimejisikia vibaya. Nimefuta meza mara mbili.

Alhamisi, 8 Mei
Balaa! Edvina anasema kama maji yanatoka kiasi kile, wanarudi Jumamosi. Na mama yake anakuja kuona!

Mbio kwa Ashura. Kakubali kubadilisha, bila kusema neno, kwa namna ya kusema maneno mengi. Kubwa ni nzito kama ndama. Kwenye ngazi nikakwama ghorofa ya kwanza. Riyadhi katoka, kashika upande wa pili. Nikamwambia ni printa ya mitihani. Boksi limechorwa matone ya maji pande zote nne. Kalibeba mpaka juu, kaniaga, kashuka. Dharau ya kimya ndiyo mbaya zaidi.

Ijumaa, 9 Mei
Ushindi! Nimeiwasha alfajiri, madirisha wazi ipate hewa ya kutosha. Kufikia saa nne tangi limejaa mara tatu! Kila kipindi kikiisha nakimbia nyumbani kumwaga. Lita na lita!

Saa nne na nusu, ofisi ya walimu, Riyadhi kauliza ninakimbilia wapi. Nikaeleza kwa fahari. Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, umefungua madirisha? Basi hukaushi chumba. Unakausha ziwa."

Wamecheka wote. Hata mkuu wa shule, ambaye hucheka Desemba tu.

Nimerudi nimefunga kila kitu. Matundu ya hewa juu ya madirisha nimeyaziba kwa mitihani ya kidato cha pili. Kisha nikapika ebitoke, ndizi zetu, humo humo, sufuria bila mfuniko. Jioni kuta zinatiririka. Sielewi.

Jumamosi, 10 Mei
Wamefika saa tano. Mama mkwe, Ma Anatolia, kaweka kiganja ukutani, kakitazama, kakipangusa kwenye kitenge. "Waitu, jamani mkwe, hii ni nyumba au kisima?"

Joviana kakohoa kabla hajavua viatu. Kile kikohozi. Nilitamani kukitoa kifuani mwake kwa mikono.

Edvina kafungua madirisha. Kachomoa mitihani kwenye matundu, mmoja mmoja, anasoma majina. Kisha kauliza kuhusu ile picha. Nikasema. Yote, na bomba pia. Hakupaza sauti. Alikunja karatasi ya mwisho vizuri, akakaa kitandani akiwa amenipa mgongo.

Shaban kafika na ngazi. Nani kamwita? Riyadhi, bila shaka. Mfereji umekatika nyuma ya chumba chetu cha kulala. Mvua yote ya masika inashuka ndani ya ukuta. Kaumaliza kabla chai haijapoa. Ukuta unahitaji wiki mbili, madirisha wazi jua likiwaka. Mtoto asilale humu. Basi sote Kishanda, na mimi kama mzigo.

Jumapili, 11 Mei. Kishanda
Baada ya misa Joviana kakimbizana na mbuzi migombani asubuhi nzima. Nilisikiliza. Hakukohoa hata mara moja. Edvina kaniletea chai bila kuombwa. Alikaa karibu mpaka nikaimaliza.

Ningeweza kutulia. Lakini nimeona jambo. Kahawa ya kwanza ya Ma Anatolia iko uani kwenye mikeka. Wingu likija, inaingizwa. Jua likirudi, inatolewa. Leo mara nne! Nikamwambia kuna njia za kisasa. Akasema ameanika kahawa tangu kabla sijazaliwa.

Hajui kompresa ni nini, maskini.

Sasa wamekwenda wote kwenye sala ya jumuiya. Mashine ninayo. Ilisafiri nyuma ya gari kutoka Bukoba ikiwa ndani ya shuka. Edvina alidhani ni mzigo wa mitihani. Kahawa yote nimeihamishia chumbani kwa mama mkwe, juu ya kitanda, chini ya kitanda, kwenye viti. Madirisha nimefunga.

Tatizo ni moja tu. Kwa kahawa yote hii, mashine naiona ndogo. Nimemwandikia Ashura: ipo kubwa zaidi?