Kiyoyozi Kilichotazama Barabara

Jumatatu, 4 Machi 1996

Ukungu! Si ule wa mlimani, huo tumeuzoea. Huu ni wa ndani ya kabati. Leo nimefungua nikakuta gauni la harusi lina vidoa vyeusi mkononi, kama limenyunyiziwa pilipili manga.

Kosa ni la Kwaresma. Hakuna harusi, magauni yanakaa tu, na mvua haikatiki. Baada ya Pasaka ndipo watu watapanga foleni. Tangu wanunuzi binafsi waanze kugombea kahawa, kila binti wa Mbinga anataka gauni jeupe linaloburuzika chini. Na mwenye magauni ya kukodisha ni nani? Mimi, Xaveri Kapinga!

Na Notburga. Huyo amefungua duka kama langu, ng'ambo ya barabara, bila aibu. Magauni yake yanavuka ziwa kutoka Nkhata Bay, Malawi. Nimepita mlangoni kwake mara kadhaa kunusa kama nayo yana ukungu. Akaniuliza kama nina mafua.

Mke wangu Kunigunda, ambaye ni mwalimu, ameshauri nianike magauni jua likitoka. Jua! Machi! Nikamwambia huu ni wakati wa soko huria, duka linaendeshwa kwa akili.

Jumatano, 6 Machi

Akili imekuja yenyewe. Iddy, bwana samaki wa Mbamba Bay, amepanda huku kufuata mshahara na kulalamikia baridi. Ni mtu wa Tanga. Kaona vidoa, kacheka. Kasema kwao maduka makubwa yana kiyoyozi, kinakamua maji kwenye hewa kama mtu anavyokamua nguo. Nikasema nilidhani kazi yake ni kupooza tu. Kasema inapooza, ndiyo, na kukausha pia.

Na kule ziwani kuna mradi umefungwa. Kiyoyozi cha dirishani kimeachwa, kinatafuta mtu!

Kwa furaha sikula hata chakula cha mchana. Kunigunda akauliza kulikoni. Nikamwambia ni mfungo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerudi kutoka Mbamba Bay. Baiskeli yangu imebaki kule kama malipo, kiyoyozi nimekuja nacho. Kizito kama ndama. Iddy alianza kunieleza namna ya kukifunga, lakini Land Rover ilikuwa inapiga honi. Nikamwambia nimeelewa yote.

Tumepanda milima juu ya magunia ya dagaa. Gari likanasa kwenye tope, abiria wote wakashuka kusukuma. Mimi nilibaki juu nimekikumbatia kiyoyozi. Maneno waliyonirushia hayafai kuandikwa wakati wa Kwaresma.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi Nicholaus ametoboa ukuta. Akauliza upande upi utazame ndani. Swali gani hilo? Upande mmoja ni mzuri, una vibao vya kupitishia hewa na vitufe vinavyong'aa. Wa pili ni kama mgongo wa lori, nyavu na vumbi. Niufiche uzuri dukani? Utazame barabarani, Notburga auone asubuhi na jioni!

Nicholaus akauliza nitakiwasha vipi. Nikamwambia nitatoka nje. Akaniangalia, kisha akaendelea kukoroga saruji.

Nimekiwasha, mwavuli mkononi. Ngurumo! Taa za mtaa mzima zimefifia. Redio ya Notburga imekata katikati ya matangazo ya vifo. Amepiga kelele mpaka nikajisikia vizuri.

Ila dukani kuna joto. Na harufu ya dagaa. Iddy alisema kitapooza. Lakini nani amewahi kukausha kitu kwa baridi? Mambo yanakwenda vizuri kuliko alivyoahidi.

Alhamisi, 14 Machi

Duka limejaa! Ndiyo sehemu pekee yenye joto Mbinga nzima. Bibi Marselina kaja na kigoda chake kupasha magoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatulia pale hadi jioni. Wakaja wakulima wa Mkumbi na makoti yaliyolowa, wakayatundika kwenye henga zangu, katikati ya magauni. Makoti yanafuka mvuke kama sufuria ya ugali.

Hakuna aliyekodi kitu. Lakini umati ni umati! Notburga anachungulia kwa nyuma ya pazia.

Tena kiyoyozi kinadondosha maji. Ndani! Nimekinga beseni, limejaa. Haya ndiyo yale maji ya kwenye hewa! Nikamwonyesha Kunigunda. Akauliza, kama maji yametoka kwenye hewa ya humu, mbona bado yako humu humu? Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 25 Machi

Balaa. Nimefungua kabati, ukungu umetapakaa. Magauni yananuka dagaa na makoti.

Na gauni la Kunigunda nalo.

Hilo ndilo alilofungia ndoa nami. Mama yake alilishona kwa mkono, na yeye alinipa kwa hiari yake nianzie biashara. Ndilo alilolichagua Lidia, binti wa Mzee Frederick wa Kitai, kwa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Mengine yote aliyakataa. Sasa kiunoni limepigwa madoa.

Nimefunga kabati. Kunigunda hatajua. Nina mpango: poda ya watoto. Nyeupe juu ya nyeupe! Nani ataona?

Alhamisi, 28 Machi

Lidia amekuja kujaribu gauni. Akapiga chafya. Poda ikaruka wingu zima, madoa yakabaki wazi. Akaanza kulia, kwamba ataingiaje kanisani na gauni lenye tetekuwanga.

Kunigunda alikuwa mlangoni, ametoka shuleni. Sikumwona akiingia. Akalichukua gauni, akakaa kwenye kigoda cha Bibi Marselina, akapapasa pale kiunoni penye mishono ya mama yake. Laiti angegomba. Hakugomba.

Akasema, "Xaveri, gauni hili lilikukosea nini?"

Jioni nimekula peke yangu. Maharage hayakuwa na chumvi, na sikuthubutu kuomba.

Jumamosi, 30 Machi

Iddy amepanda tena kufuata mshahara. Nilimkuta amesimama barabarani mbele ya kiyoyozi changu, amejikunyata, anashangaa baridi inatoka wapi. Halafu akaelewa. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa mfereji.

Nimekifunga kinyume! Wiki zote hizi nimekuwa nikiipooza na kuikausha barabara ya Mbinga. Kwenye mvua! Joto na maji yake vyote vikimiminika dukani. Iddy anasema hata mtu aliyekusudia kupanda ukungu asingefanya vizuri hivyo.

Nicholaus amekigeuza. Muda wote mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Sasa duka limekauka kweli. Lakini baridi! Bibi Marselina amebeba kigoda chake bila kuaga, kahamia kwa Notburga, ambako kuna jiko la mkaa. Umati wote ukamfuata. Mama yake Lidia aligoma kuingia. Alisema yeye bado yu hai, aingie mochwari kutafuta nini?

Na madoa hayatoki kwa hewa kavu. Hilo Iddy hakulisema.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Jua! Jua kabisa, tangu asubuhi!

Kunigunda akalichukua gauni, akavuka barabara. Kwa Notburga! Nikamfuata, najificha nyuma ya mgomba. Nikawakuta uani, gauni limetandazwa juu ya nyasi, wanalipaka ndimu na chumvi, wanacheka kama watu waliozaliwa nyumba moja. Notburga akaniona. Akaniamuru nitoke kwenye mgomba nikamue ndimu.

Nikakamua. Nikamuuliza magauni yake yeye yanakwepaje ukungu. Akasema hayakwepi, yanaota kama yangu, ila yeye hatangazi. Tangu lile la kwanza kuharibika, amekuwa akiogopa nisije nikajua! Nilikaribia kumpenda.

Madoa yametoka, isipokuwa moja, palepale kiunoni. Notburga akaingia ndani, akatoka na utepe wa satini kutoka kwenye mali yake mwenyewe, akaupitisha juu ya doa. Kunigunda akaushona.

Nikamwambia mke wangu nisamehe. Akashona kidogo, kisha akasema, "Kamua ndimu."

Lakini chakula cha jioni kilikuwa na chumvi.

Jumamosi, 13 Aprili

Lidia ameolewa! Alivyoingia kanisani, wanawake wa Kitai walipiga vigelegele mpaka padri akangoja. Gauni jeupe pee, utepe unameta. Kunigunda na Notburga walikaa benchi moja, wote wawili wanafuta macho.

Nje ya kanisa Mzee Frederick akanishika mkono mbele za watu. Akauliza nimewezaje kutunza gauni namna ile, kwa mvua hizi.

Watu wote wakasogea kunisikiliza. Nikawaangalia wale wanawake wawili.

Nikasema ni kiyoyozi.

Kunigunda alinikanyaga mguu. Kwa kisigino.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekaa nikatafakari yote kwa utulivu. Nimejifunza. Tatizo halikuwa mimi. Tatizo ni kwamba kiyoyozi kina kazi mbili, kupooza na kukausha, kikachanganyikiwa.

Sasa Iddy ameleta habari. Kule ziwani wamekuta mashine nyingine, ndogo, ina magurudumu. Hii haipoozi kitu. Kazi yake ni moja tu, kunywa maji ya kwenye hewa, na ina ndoo yake ndani ya tumbo. Haihitaji tundu ukutani. Haina mbele wala nyuma, kwa hiyo hata ukiielekeza wapi huwezi kukosea!

Kunigunda amenikataza kuikaribia. Nimekubali kabisa. Kesho naenda Mbamba Bay kumjulia hali Iddy, ambaye nimesikia ana homa. Nimebeba machungwa ya mgonjwa, na kamba ndefu ya kufungia mzigo.