Ukaguzi wa Heshima

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti viwili na maji ya chupa kwa kila mgeni wa meza kuu, kwamba kuanzia siku hiyo mwananchi yeyote anayenunua nyumba atakuwa na uhuru kamili wa kuchagua ukaguzi unaomfaa. Mkurugenzi wa Idara ya Ukaguzi wa Majengo, aliyelisoma tangazo hilo mwenyewe, alitua kidogo baada ya neno "uhuru" ili watu wapate nafasi ya kupiga makofi. Wakapiga.

Mpango ulikuwa wa madaraja matatu, mwepesi kueleweka. Katika Ukaguzi wa Kina, mkaguzi anapanda juu ya paa, anagonga kuta, anachungulia chini ya sinki, kisha anasema alichokiona. Huo ulikuwa wa watu wa kawaida, ambao wamekwisha kuzoea habari mbaya. Katika Ukaguzi wa Kati, mkaguzi anaingia ndani ila hagusi kitu. Na juu kabisa, kwa bei kubwa kuliko zote, palikuwa na Ukaguzi wa Heshima: mkaguzi anasimama getini, anaitazama nyumba kwa adabu, anaondoka.

"Mtu mwenye hadhi yake," Mkurugenzi alifafanua, "hawezi kupekuliwa kama mwizi wa kuku."

Wakaguzi nao walipewa mwongozo wa lugha, maana huko nyuma walikuwa wakiwatia watu hofu bure. Ufa uliitwa mchoro wa ukuta. Nyumba iliyovuja ilisemwa kwamba inashirikiana na mvua.

Mpango ulifana. Fundi viatu mmoja na mkewe walichukua Ukaguzi wa Kina, wakaambiwa nyumba waliyoipenda imekaa juu ya shimo la choo cha zamani, wakaghairi. Idara iliwasikitikia sana. Watu wazima wawili wamekosa nyumba kwa sababu tu ya kukosa hadhi.

Mwaka wa kustaafu ulipomkaribia, Mkurugenzi alitakiwa kurudisha nyumba ya serikali. Akapata yake: ya ghorofa moja, yenye nguzo nyeupe mbele na baraza ya juu inayotazama barabara, ili wapita njia wajue ni nani aliyekaa pale. Mkewe, ambaye maisha yake yote ya ndoa alikuwa akipigilia misumari ya mapazia kwenye kuta za watu, aliuliza jambo moja tu.

"Umeshapata mtu wa kuiangalia?"

"Ukaguzi wa Heshima umepangwa kesho."

"Ule wa kusimama getini?"

"Mke wangu, hawasimami tu. Wanasimama kwa adabu."

Aliyetumwa alikuwa mkaguzi mwandamizi, mama wa watoto watatu aliyeitwa Bi Nyundo kazini kwa sababu ya kifaa kisichomtoka mkobani. Alisimama getini kama kanuni ilivyotaka, Mkurugenzi na mkewe wakiwa kando yake. Akainamisha shingo kulia, akainamisha kushoto.

"Mheshimiwa, naomba niingie kidogo tu."

"Daraja langu halikuruhusu."

"Lakini hata hapa nilipo naiona ile nguzo ya kushoto ime—"

"Lugha, Bi Nyundo."

Bi Nyundo alitafuta neno. "Ile nguzo ya kushoto ina unyenyekevu."

"Sifa nzuri hiyo."

"Umezidi, mzee. Na ukuta wa juu una mchoro. Mkono unaingia."

"Sanaa," alisema Mkurugenzi kwa kuridhika.

Mkewe alimsogelea mkaguzi, akamshika bega. "Mwanangu, wewe ungewalaza wanao humu?"

"Mama, mimi hata mbuzi wangu—"

"Bi Nyundo!"

"—sina mbuzi, Mheshimiwa. Lakini ningekuwa naye, ningemtafutia pengine."

"Basi mimi sihami," alisema mke. "Nakwenda kwa mdogo wangu mpaka hiyo nguzo ipunguze unyenyekevu."

Ripoti ilitoka jioni hiyohiyo, yenye sentensi moja: "Nyumba ipo." Mkurugenzi aliisoma mara mbili, moyo ukimtulia. Akalipa, akastaafu, akahamia peke yake. Kiangazi chote alikaa kwenye baraza ya juu akiwapungia mkono watu asiowajua. Mkewe alimpigia simu kila siku.

"Hujambo huko?"

"Sijambo. Ila nyumba inaongea kidogo."

"Inasemaje?"

"Inasema 'kwa!' Halafu inanyamaza."

Mvua ya kwanza ilianguka mchana, Mkurugenzi akiwa chumbani juu amejipumzisha. Nyumba haikusema 'kwa!' tu, ilisema mengi. Baraza iliinama, ikateremka taratibu mpaka bustanini, na kiti chake juu yake. Alipokimbilia mlango wa chumba, fremu ilikuwa imeubana kama meno. Maji yalimpiga utosini. Akapiga simu Idarani, na haukupita muda Bi Nyundo alikuwa getini na mwavuli.

"Ingia unitoe!" Mkurugenzi alipiga kelele dirishani.

"Mzee, daraja lako haliniruhusu kuvuka geti. Nikivuka nafukuzwa kazi. Kanuni ina saini yako."

"Nimeifuta!"

"Umestaafu, mzee. Kufuta ni mpaka kikao."

"Basi andika! Inavuja! Ina nyufa! Inaanguka!"

"Lugha, mzee," alisema Bi Nyundo kwa huzuni ya kweli, kwa kuwa aliwahi kukatwa mshahara kwa neno moja tu kati ya hayo.

Majirani walikwisha kujaa barabarani. Bi Nyundo alikuwa amempigia mke simu akiwa njiani, naye akatokea na ngazi ya kuazima, akipita getini bila kumwomba mtu ruhusa.

"Mama," Bi Nyundo aliita, "egemeza kulia! Kulia kuna ukuta!"

Mkurugenzi alishuka kinyumenyume, pajama zimemganda mwilini, mbele ya watu walewale aliokuwa akiwapungia mkono. Wengine walimpungia.

Kwa shemeji yake, mwanamke asiyekuwa na maneno mengi, alipewa taulo na kuoneshwa chumba cha uani. Alisimama mlangoni akiogopa kuingia.

"Shemeji," aliuliza kwa sauti ndogo, "kinavuja?"

"Kinavuja pale konani. Sogeza kitanda huku."

Mkurugenzi alimwangalia, machozi yakamlengalenga. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumpa taarifa nzuri kama ile. Akakisogeza kitanda mwenyewe, akajifunika mpaka kidevuni, na kabla chai haijachemka alikuwa anakoroma.