Karatasi ya Mama Léoncie Ilivyopata Tarehe Mpya

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tano
Kama Musa angenipata mimi, Baisraeli bangefika Kanani kwa wiki moja, tena na makaratasi mukononi! Ndiyo maana nimefungua biro, ofisi ya wakili, hapa Baraka, penye ba-moto, zile pikipiki za abiria, banapaki. Meza, parasoli, kibao: MAÎTRE NÉHÉMIE, MAKARATASI YA KUKAA KABISA. Shule niliacha. Balimu balichoka na maswali yangu.
Muteja wa kwanza: Mama Léoncie, mukimbizi kutoka Burundi, na bwana yake Libère. Banataka kukaa Congo kisheria, siku zote. Mwenye shamba banalolima kule Lubondja amesema ombi lao lipate muhuri kabla ya Jumamosi, la sivyo anampa muntu mwingine lile shamba. Na mihogo yao iko ndani! Nikamuambia mama alale usingizi. Maître iko.

Jumanne
Karatasi ya ukimbizi ya Mama Léoncie, aibu! Imekunjwa mara nane, inanuka samaki ya ndagala. Mukubwa gani atashika ile? Nikamutuma airudishe, achukue mupya. Libère akauliza kama iko lazima kweli. Nikamuuliza nani hapa maître. Jioni ikatoka, nyeupe kama nguo ya komunyo!
Arlette wa parokia, anayeelezea bakimbizi sheria bure, eti ningemuuliza kwanza. Wivu! Hana hata parasoli.

Jumatano
Mukubwa wa biro ya bageni akasoma, akacheka. Akauliza kama balifika jana. Kumbe banahesabu miaka tangu tarehe ya karatasi! Miaka kumi na moja imeyeyuka. Mama Léoncie hakulia. Aliniangalia tu, akaniita “we kijana”. Juzi nilikuwa maître.
Nikatoa mupango wa pili: baseme balizaliwa Lubondja. Mukubwa akauliza muzaliwa wa hapa anaomba kukaa ya nini. Nikasindikizwa nje. Kwa kola ya shati.

Alhamisi
Arlette amenyakua familia yangu! Amebauliza batoto balibatizwa wapi. Eloge, mutoto wao, alibatizwa hapahapa, miezi mitatu tu tangu bafike. Iko katika kitabu cha parokia, na tarehe, na sahihi ya padri. Arlette akanakili, padri akapiga muhuri: ushahidi wa miaka yote! Kalamu nilibeba mi. Bila kalamu, je?

Ijumaa
Ombi limepokelewa! Muhuri, paa! Libère akacheza mbele ya biro nzima. Shamba limebaki lao. Mama Léoncie akampa Arlette kuku. Mi akanipa shauri: mwanangu, rudi shuleni. Nikamushukuru. Maître hana nafasi.

Jumamosi
Itangishaka amekuja, mukulima, mukimbizi naye, karatasi yake chafu zaidi. Nikamuambia asibadilishe kamwe. Si nimejifunza? Nimeifua mi mwenyewe, kwa sabuni, polepole, nikaianika juani. Imetakata!
Nakiri hapa tu, kitu kimoja kimeharibika kweli: uchafu haukutoka peke yake. Tarehe nayo imetoka.